Barua kwa Mwanangu: Samaki Kisu Uliyemwona Dukani

Mwanangu Salma,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sisi sote wazima. Picha uliyotuma nimeipata. Kumbe muuzaji kakwambia ni mkunga wa umeme, ukaogopa kutia mkono majini. Usiogope. Mkunga wa umeme anaweza kutoa hadi volti 860, lakini umeme wa huyu wako haufiki volti moja, hutahisi kitu. Jina lake la kisayansi ni Apteronotus albifrons, na kwao ni mito ya Amerika ya Kusini, kuanzia Venezuela hadi Paraguay.

Ila mkague vizuri, maana samaki kisu huchanganywa sana. Weusi peke yake hautoshi. Tafuta mstari mweupe unaoanzia puani ukapita mgongoni, na pete mbili nyeupe karibu na mkia. Kisha lifuate pezi refu la tumboni. Kwake hukoma kabla ya mkia, halafu nchani kabisa kuna kipezi kidogo kilichosimama peke yake. Pezi hilo likiungana na la mkia bila kukatika, huyo ni wa ukoo mwingine, wa Asia au wa Kongo, na hatoi umeme. Yuko pia Gymnarchus wa Ziwa Turkana, ambaye pezi lake refu liko mgongoni. Yeye anao umeme, lakini ndugu yake ni domodomo, ilhali huyu wako yuko karibu zaidi na kambare. Yaani koo mbili, kila moja na bara lake, zimeufikia umeme kwa njia tofauti! Hilo hunistaajabisha hadi leo.

Mwangalie anavyoogelea. Mwili ameunyoosha, pezi tu ndilo linalopiga mawimbi, na hurudi kinyumenyume kwa wepesi uleule. Ana sababu. Mkiani ana ogani ya umeme iliyotokana na neva, inayotoa mapigo yapatayo 1,000 kwa sekunde, usiku na mchana, maisha yake yote. Kiluwiluwi kikipita karibu, umeme ulioizunguka ngozi yake hubadilika, naye hukitambua hata gizani. Mwili ungekuwa unapindapinda, umeme huo ungevurugika kila mara.

Ndiyo maana usinunue wawili. Mapigo yao yakikaribiana mno, kila mmoja humvuruga mwenzake, na mwenye mapigo ya juu hulazimika kuyapandisha zaidi ili wapishane. Tena hugombana. Mmoja anatosha, na hata huyo mmoja anataka tangi kubwa, kwa kuwa hukua hadi sentimita 50. Mchana hujificha, hivyo mwekee kipande cha bomba la plastiki aingie mzima. Chakula mpe jioni taa zikizimwa.

Kabla hujatoa hela, nitumie picha nyingine ya ubavuni, mkia uonekane wote.

Mama yako