Barua kwa rafiki anayetaka kununua gari la haibridi

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na uwafikishie jamaa wote wa nyumbani. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu swali lako ni la mtu anayetaka kutoa fedha aliyoichuma kwa jasho. Umeniomba nikueleze kinagaubaga maisha yalivyo kwa mwenye gari la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kwa kuwa umeliona moja linalouzwa ukalipenda, ila kila unayemshauri anakuambia kwamba betri ikifa utalia. Mimi nalipenda gari langu na sitakuficha hilo, lakini lina masharti yake, na ni vyema uyajue kabla hujatia saini.

Zipo haibridi za kuchomeka kwenye umeme, lakini ninayoendesha mimi, ambayo ndiyo aina uliyoiona wewe, haichomekwi popote. Nishati yote inayolisukuma hutokana na petroli unayojaza tangini. Kazi ya betri na mota ni kuhakikisha kwamba nishati hiyo haipotei bure. Katika gari la kawaida, kila unapokanyaga breki, mwendo ulioulipia kwa mafuta hugeuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Katika haibridi, ukiachia mafuta au ukikanyaga breki polepole, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kuirudishia betri umeme ambao utautumia kuondokea mara taa zinaporuhusu. Ukilielewa hilo, mengine yote kuhusu gari hili yanaeleweka.

Ndiyo maana mjini, kwenye foleni na taa za barabarani, ambako magari mengine hunywa mafuta sana, hili hutumia machache kuliko linavyodhaniwa. Kwenye barabara kuu, ukienda kwa kasi ileile kwa muda mrefu, hakuna breki nyingi za kuvunia umeme, na tofauti yake na gari dogo la kawaida hupungua. Faida inayobaki huko ni injini yenyewe, ambayo katika haibridi nyingi hufuata mzunguko wa kuvuta, kubana na kuchoma mafuta uliobuniwa na Mwingereza James Atkinson mwaka 1882, ulio na nguvu pungufu kidogo lakini unaobana mafuta. Pale nguvu inapopungua, mota husaidia. Kwa hiyo kabla hujauliza gari linakula kiasi gani, jiulize wewe unaendesha wapi. Safari fupi mno nazo hazilifai, kwa sababu injini ikiwa baridi hulazimika kunguruma kwanza ili ipate joto pamoja na kisafisha moshi, hata kama betri imejaa, na safari inaweza kwisha kabla hujaonja faida yoyote.

Siku za mwanzo utastaajabia ukimya. Unabonyeza kitufe, taa ya kuashiria kwamba gari liko tayari inawaka, na hakuna mlio wowote. Abiria wangu wengi huniuliza kama limewaka kweli, na wakati huo tayari tunaondoka. Utamu huo una hatari yake, nami huichukulia kwa uzito. Unapoingia uani au unaporudi nyuma, watoto na watu wasioona hawana cha kuwaonya. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba kuanzia Julai 2019 miundo mipya ya magari ya umeme na ya haibridi iwe na kifaa cha kutoa sauti gari linapokwenda polepole, na kuanzia Julai 2021 sharti hilo likayahusu magari yote mapya ya aina hizo. Gari lililotangulia sheria za namna hiyo huenda halina sauti kabisa, kwa hiyo dereva ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Jambo jingine litakalokushangaza ni kupanda mlima. Injini hupandisha mngurumo kabla ya mwendo kuongezeka, hata aliyezoea gari la gia akadhani klachi inateleza. Hakuna klachi ya kuteleza. Katika mfumo ambao Toyota iliuleta kwenye Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, injini na mota mbili zimeunganishwa kwa seti moja ya meno yanayozungukana, na kompyuta ndiyo inayoamua nani abebe mzigo kiasi gani. Hapo nataka nimjibu yule aliyekuambia kwamba gari lenye mifumo miwili huharibika mara mbili. Mfumo huo hauna stata, hauna alteneta, na hauna gia za kubadilishana. Mota zilezile ndizo zinazoiwasha injini na kuzalisha umeme. Wazo lenyewe si geni hata kidogo, kwani mhandisi Ferdinand Porsche alitengeneza gari la petroli na umeme pamoja mnamo mwaka 1900. Kilichokosekana wakati ule ni kompyuta ya kuvipatanisha viwili hivyo.

Nije sasa kwenye betri, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Zipo mbili, na watu huzichanganya. Kubwa, ambayo katika magari mengi ya aina hii hukaa nyuma, imeundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa: katika Prius ya kizazi cha pili ni vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 201.6. Kompyuta haiiachi ijae kabisa wala iishe kabisa, na hiyo ndiyo sababu kuu ya betri hizo kudumu miaka mingi. Adui yake ni joto. Kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kuipooza, na tundu lake katika magari mengi liko kando ya kiti cha nyuma, mahali ambapo abiria huweka mkoba au koti bila kujua wanaliziba. Vumbi na nyuzi za nguo hujikusanya humo hadi feni ikashindwa kazi, na betri nzima hufa kwa sababu ya uchafu ambao ungeondolewa kwa brashi. Fundi wangu huifungua feni hiyo na kuisafisha kila ninapopeleka gari kubadilisha oili. Ukilinunua gari, dai kazi hiyo ifanyike mapema, na uhakikishe kwamba hakuna aliyerundika mizigo mbele ya tundu.

Ndogo ni ile ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa na mfumo. Ikidhoofika, gari halitakuwa tayari hata kama kubwa imejaa tele. Asubuhi moja langu liligoma, taa za dashibodi zikawa zinawaka na kuzimika, na fundi wa kwanza akatamka papo hapo kwamba betri kubwa imekwisha na inapaswa kununuliwa nyingine. Wa pili alipima ile ndogo, akaikuta imechoka, akaibadilisha, na gari likaondoka. Naamini betri nyingi kubwa zimehukumiwa kwa kosa la ndogo, na hilo linanikera kwa sababu mwenye gari ndiye anayelipa. Kumbuka pia kwamba gari likikaa wiki nyingi bila kuwashwa, betri zote mbili hushuka.

Kwenye foleni, usifuate mazoea ya kuweka gia kwenye herufi N, yaani gia huru. Katika mfumo huu, ukiwa kwenye N jenereta haiwezi kuichaji betri hata injini ikiwa inanguruma, na kiyoyozi kitaendelea kuinyonya. Acha gia mahali pake pa kuendeshea, ukanyage breki, injini itajizima na kujiwasha inavyohitajika. Kwenye mteremko mrefu utaona mshale wa chaji ukipanda hadi betri ikashiba, na baada ya hapo umeme hauna pa kwenda. Hapo ndipo inapofaa herufi B, inayoitumia injini kulizuia gari ili breki zisichemke. Katika njia tambarare B haina kazi, na ukiitumia kila mahali unapoteza umeme ambao ungeuvuna.

Breki zenyewe hudumu muda mrefu ajabu, kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Kudumu huko kuna upande wa pili: pedi zisizotumika sana huganda kwenye nafasi zake na diski hushika kutu, kwa hiyo zifunguliwe na kusafishwa kwa wakati hata kama bado ni nene. Ukizoea, utaanza kuachia mafuta mapema unapoona taa nyekundu mbele, kwa sababu kukanyaga kwa ghafla huziita pedi na kuutupa umeme. Kwangu mimi badiliko hilo la uendeshaji limenipa raha kuliko hata mafuta niliyoyaokoa. Nafika nikiwa sijachoka.

Waya za rangi ya chungwa utakazoziona chini ya boneti zina umeme wa kuua. Asiziguse mtu ambaye hajafundishwa kuondoa plagi ya usalama na kusubiri dakika kadhaa umeme ulionasa uishe. Na ikitokea gari limeharibika njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa kuwa magurudumu hayo yakizunguka huzungusha mota na kuzalisha umeme. Libebwe juu ya lori, au yainuliwe ya mbele.

Utakapokwenda kulitazama hilo ulilolipenda, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, ili uisikie injini ikiwaka ingali baridi. Chukua fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta, aangalie volti za vipande vya betri wakati gari linapanda mlima, si likiwa limesimama. Vipande vikitofautiana sana, betri imeanza kuchoka. Uliza pia kama kuna vilivyobadilishwa, kwa maana kipande kipya katikati ya vizee mara nyingi hakitulizi ugonjwa kwa muda mrefu. Ukikataliwa kipimo hicho, ondoka, hata kama rangi ya gari inang'aa.

Nitumie namba utakazosomewa na fundi, tuzitazame pamoja kabla hujalipa chochote. Nisalimie mama na watoto.

Wako wa siku zote,
Rafiki yako