Mwezi wa kwenda jangwani uchaguliwe na wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno moja na familia za Waswahili zilizotawanyika Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba, ambazo wakati huu zinapangana kuhusu mkutano wa ukoo. Mwezi wa safari na njia za kutembea vichaguliwe na wale ambao miili yao haiwezi kubishana na jua, yaani wazee na watoto wadogo, na wenye likizo na wenye kulipia nyumba wafuate. Sisi tulikaribia sana kufanya kinyume.

Ukoo wetu ni wa Tanga, lakini leo uko Ohio, Toronto, California na Muscat, na kwa miaka mingi umekuwa ukikutana msibani tu. Mwaka jana tulikubaliana kukutana tukiwa wazima, na vijana wa California wakapendekeza Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, iliyoko kusini mashariki mwa jimbo hilo, mwendo wa takriban saa mbili na nusu kwa gari kutoka Los Angeles. Pendekezo lilikuwa zuri. Kasoro ilikuwa mwezi, kwani walichagua Julai kwa sababu shule zimefungwa, na katika kundi letu la WhatsApp kila mtu akajibu "sawa" bila kutazama ramani wala kuuliza hali ya hewa. Aliyetuokoa ni shangazi wa Muscat, aliyetuma sauti yake akisema: "Wanangu, mimi nimekaa huku miaka arobaini. Julai hatumtoi hata paka nje mchana, nanyi mwataka kunipandisha mlima?"

Shangazi alikuwa na haki. Kiangazi joto la mchana katika hifadhi ile hupita nyuzi 38 za Selsiasi, kivuli ni cha kutafuta, na maji ya kunywa hupatikana pembezoni tu, kwenye baadhi ya malango na vituo vya wageni, kwa hiyo anayeingia ndani bila maji hana pa kuyachota. Wenye hifadhi wanashauri kila mtu awe na angalau lita 4 kwa siku, na mara mbili ya hizo ikiwa atatembea. Sisi tulikuwa watu 19. Hata kama wote wangekaa chini ya turubai wakisimuliana habari, hizo ni lita 76 za siku moja, wakati binamu yangu aliyepewa kazi ya vinywaji alikuwa amenunua katoni mbili za chupa za nusu lita na deli moja la barafu, akaona amemaliza kazi.

Tukasogeza safari hadi wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, ambapo shule za Marekani hufungwa kwa siku chache. Mchana ulikuwa wa kuvaa shati jepesi na kofia. Usiku, niseme ukweli, baridi ilituadhibu, maana sehemu kubwa ya hifadhi hiyo iko juu sana na jangwa halitunzi joto jua likishazama, nasi tulikuwa tumewaonya wageni kuhusu jua tukasahau kuwaambia walete masweta. Wiki hiyo watu ni wengi, kwa hiyo anayetaka nafasi ya kuegesha gari afike asubuhi na mapema.

Kuhusu njia za miguu, vijana walitaka wote tupande Ryan Mountain, mlima wenye kilele cha mita 1,663, ambao njia yake ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, ikipanda zaidi ya mita 300. Wakaenda sita wenye magoti mazuri, alfajiri, na wakarudi wakijisifu. Sisi wengine tulizunguka Hidden Valley, kibonde kilichozungushiwa majabali makubwa, njia ya kilomita 1.6 hivi. Huko ndiko tulikopata funzo. Watoto wakubwa walitangulia na begi lenye maji ya kundi zima, wakapotea nyuma ya mawe, na simu hazikushika mtandao kabisa. Kwa dakika ishirini tulikaa na wazee wawili na mtoto mchanga tukiwa na chupa moja. Hakuna aliyedhurika kwa kuwa ilikuwa Novemba, lakini kila mtu mzima pale alikuwa akipiga hesabu ya Julai kimoyomoyo bila kuitamka. Tangu hapo shangazi ndiye aliyetangulia, aliposimama tukasimama, na kila mtu akabeba maji yake mwenyewe.

Mwendo huo wa polepole ulitupa mazungumzo ambayo ukumbini tusingeyapata. Mti ulioipa hifadhi jina lake husemekana uliitwa hivyo na wahamiaji Wamormoni, walioona matawi yake kama mikono ya Yoshua iliyoinuliwa. Shangazi aliposikia jina alisema, "Huyo ni Yusha bin Nuun, aliyesimamishiwa jua. Hapa halihitaji kusimamishwa, limesimama lenyewe." Naye ami yetu, mzee aliyetoka Tanga na ambaye ujana wake uliishia kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, alikaribia jani moja, akalitazama ncha bila kuligusa, akatamka kwamba huu ni mkonge uliokosea njia. Tulicheka, kumbe mzee alikuwa amelenga: wataalamu wa mimea wanauweka mti huo katika jamaa moja na mkonge. Na mkonge wenyewe ulifika kwetu mwaka 1893 ukitokea Florida, katika Marekani hiyohiyo, kwa miche michache iliyonusurika safari ya baharini. Ami akawaeleza wajukuu waliozaliwa Ohio jinsi singa zilivyoanikwa na jinsi miiba ilivyowachoma wakataji, na watoto ambao hawajawahi kuiona Korogwe wakamsikiliza njia nzima.

Siku ya mwisho tuliteremka hadi Bonde la Coachella, kusini mwa hifadhi, kwenye mashamba ya mitende yaliyotokana na miche iliyoletwa kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Aina ya Medjool ililetwa Marekani kutoka Moroko mwaka 1927. Shangazi alionja, akatafuna kwa uangalifu wa hakimu, akasema tende zimenona ila Khalas ya Oman haijapata mpinzani.

Najua jibu la wengi litakuwa kwamba Julai ndiyo nafasi pekee, tiketi zimeshakatwa na waajiri hawatoi ruhusa nyingine. Kama ni hivyo, jangwa liachwe, mkutano ufanyike ufukweni au kwenye milima yenye miti, na hifadhi ya jangwani isubiri mwaka ambao ratiba itaruhusu. Lisilokubalika ni kumleta mzee wa miaka themanini kutoka Tanga, kisha kumwacha ndani ya gari linalounguruma kiyoyozi huku wengine wakipiga picha juu ya mawe na kuiita safari ya ukoo.

Mkutano wetu ujao utakuwa majira ya machipuko, baada ya Idi. Tarehe ameiweka shangazi, njia atachagua ami, na binamu yangu ameondolewa kwenye kazi ya vinywaji.

Msomaji wako,
San Diego, Marekani