Barua ya malalamiko: seti ya patasi mliyoniuzia kama ya anayeanza kuchonga

Kaloleni,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Ufundi,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

MINTARAFU: SETI YA VIFAA 12 VYA KUCHONGEA MBAO

Nilinunua seti hii katika tawi lenu la katikati ya jiji kwa shilingi 4,800. Risiti ninayo, na nakala yake nimeiambatisha. Juu ya sanduku mmeandika kwamba ni seti ya anayeanza, kwamba imenolewa tayari kwa kazi, na kwamba chuma chake ni imara. Hakuna hata moja kati ya ahadi hizo iliyosimama mbao ilipobanwa kwenye jiliwa.

Nilianza na kipande cha jakaranda. Naitaja mbao hiyo makusudi, kwa kuwa ni miongoni mwa mbao rahisi ambazo wachongaji wa hapa nchini huzitumia kila siku. Sikugusa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini. Bobari ya kwanza, yaani patasi yenye mdomo uliopinda, ilikata vizuri kwa muda mfupi, kisha ikaanza kuchana nyuzi za mbao. Nilipoielekeza kwenye mwanga niliona mdomo umejikunja. Niliinoa, ikakata kidogo, mdomo ukajikunja tena. Nyingine zilifuata mkondo huohuo. Chuma kigumu kikizidiwa humeguka. Kinachojikunja mbele ya jakaranda ni chuma laini.

Mzee anayenifundisha amekula jasho la patasi miaka mingi pale Gikomba. Nilipompelekea seti yenu hakusema neno. Alichukua tupa akaipitisha ukingoni mwa patasi yenu, tupa ikang'ata na unga wa chuma ukaanguka mezani. Kisha akaipitisha tupa ileile kwenye patasi yake, iliyofuliwa kutokana na springi ya gari. Iliteleza, haikuacha alama. Jaribio hilo halihitaji maabara, na mtu yeyote wa kampuni yenu angeweza kulifanya kabla ya kuagiza mzigo.

Muuzaji wenu alinionyesha herufi CR-V zilizogongwa kwenye chuma kana kwamba zinamaliza mjadala. Herufi hizo zinaeleza tu kwamba chuma kimechanganywa na kromu na vanadiamu, na hata spana nyingi zimegongwa hivyo. Ugumu wa makali hutoka kwenye moto. Chuma huchomwa hadi kiwe chekundu, huzimwa ghafla ndani ya mafuta au maji, kisha hupashwa tena kwa joto la chini, nyuzi 200 za Selsiasi hivi, ili kisivunjike upesi. Patasi nzuri ya kuchongea huwa na ugumu wa kama 58 hadi 62 katika kipimo cha Rockwell C. Kwenye sanduku lenu hakuna kipimo chochote. Kunitajia kromu bila kunieleza kama chuma kimepikwa ni sawa na kunisifia unga huku ugali wenyewe ukiwa mbichi.

Kuhusu kunolewa, mikwaruzo ya mashine bado inaonekana kwenye makali, na mteremko wake umesimama mno. Kwa kazi ya kawaida wachongaji hupenda mteremko wa nyuzi 20 hadi 25 hivi. Wenu unakaribia maradufu. Mipini nayo haina pete ya chuma shingoni, kwa hiyo mmoja ulipasuka mara tu nilipotumia nyundo ya mbao.

Halafu kuna hiyo hesabu ya 12, ambayo ndiyo mliyoiandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Nilipozipanga mezani, nne kati yake zilikuwa na mpindo uleule. Tatu ni nyembamba mno, za kukatia linoleamu ya kuchapia picha. Bobari za kuchongea zimetofautishwa kwa namba tangu zamani katika mfumo wa Sheffield, Uingereza: namba 3 imepinda kidogo tu, namba 9 inakaribia nusu duara, na mnunuzi akiijua namba anajua patasi itafanya nini kwenye mbao. Zenu hazina namba yoyote. Anayeanza anawezaje kuchagua?

Mtu mwenye pesa kidogo anayetaka kujifunza kuchonga anahitaji kisu kimoja kizuri, bobari moja ya mpindo mdogo, nyingine ya mpindo mkubwa, na kinoo. Kinoo kuliko vyote, kwa sababu hata chuma bora huisha makali. Ninyi mmeweka vyuma 12 na hamkuweka kinoo. Baadaye nilikwenda kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, nikafuliwa bobari mbili na kisu kwa chini ya nusu ya bei yenu, nikabaki na pesa za kinoo cha pande mbili. Vyote vinakata hadi leo. Huo ndio unafuu ambao anayeanza anautafuta, na duka kubwa kama lenu lina uwezo wa kuutoa kuliko mtu mmoja mwenye nyundo na mkaa.

Sasa nije kwenye jibu mlilonipa kwa simu, ambalo limeniuma kuliko pesa. Mhudumu wenu aliniambia: "Bado unajifunza, mkono utazoea." Akaongeza kwamba bidhaa iliyotumika hairudishwi. Patasi haionyeshi ubovu wake ikiwa ndani ya plastiki, huonekana inapokata. Na kumwambia mwanafunzi kwamba kasoro iko mkononi mwake ni kumwondoa kwenye ufundi kabla hajauonja. Mchongaji mzoefu angeitupa seti yenu pembeni siku ileile. Anayeanza hana cha kulinganisha nacho, kwa hiyo huamini kwamba hana kipaji. Nimewaona vijana wawili mtaani kwetu wakiacha kwa namna hiyo, mmoja wao msichana mwenye jicho kali la umbo. Mwingine alijikata kiganjani kwa sababu patasi butu hulazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, na ikiteleza haichagui pa kwenda. Kidonda kilishonwa. Patasi alizotumia zilitoka kwenye sanduku kama langu, la duka lenu.

Mhudumu huyohuyo alisema kuwa vifaa hivi ni vigeni hapa, hivyo hakuna anayeweza kuvipima. Katika nchi hii? Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Tanzania ya leo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao Ukambani, na kutoka hapo ukaenea hadi Nairobi na Mombasa. Kuna familia ambazo zimesomesha watoto kwa tezo na patasi kwa vizazi kadhaa. Watu wa kuwashauri wako umbali wa nauli ya matatu kutoka dukani kwenu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 imejengwa juu ya haki hizo. Kibandiko cha "zisizorudishwa" hakiwezi kuzifuta.

Kwa hiyo nataka mnirudishie shilingi 4,800 zote, nami nitaileta seti nzima pamoja na mpini uliopasuka. Nataka pia maneno "imenolewa tayari" na "ya anayeanza" yaondolewe kwenye masanduku yaliyobaki rafuni mpaka mzigo huo upimwe na mtu anayechonga, na mtakaouagiza baadaye uandikwe ugumu wa chuma na namba ya mpindo wa kila bobari. Na ninawaomba, kwa dhati kabisa, muanze kuuza bobari moja moja pamoja na kinoo, ili mwanafunzi mwenye shilingi 1,000 aweze kununua kitu kimoja kinachokata, kisha arudi mwezi ujao kununua cha pili. Mkifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kuwaleta vijana wangu dukani kwenu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai la pesa zangu nitalifungua katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Seti nimeihifadhi jinsi ilivyo, na mzee wangu amekubali kuja na tupa yake mbele ya yeyote mtakayemteua.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu,
Kaloleni, Nairobi.