Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuahidi hovakrafti

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka deltani Rufiji. Jina lako na cheo chako sivitaji, kwa kuwa wewe mwenyewe unajijua, na waliokaa chini ya mwembe siku ile wanakujua zaidi. Ninaandika kwa heshima zote, baada ya kusubiri miaka mitatu na baada ya barua mbili ambazo zilipokelewa, zikagongwa muhuri na hazikujibiwa.

Bamvua iliyopita shemeji yangu alishikwa na uchungu saa kumi na mbili jioni. Tukampakia kwenye boti ya faiba, tukashuka na maji yanayopwa, lakini ilipofika saa mbili boti ilikuwa imekaa juu ya tope, mahali ambapo upondo huzama bila kugusa chini pagumu. Kumbeba haikuwezekana, maana anayeshuka pale huzama hadi mapajani, na mwenye mzigo huzama zaidi. Alijifungulia humo botini kwa mwanga wa simu, huku bibi mmoja akituamuru sisi wanaume tutazame mikokoni, na maji hayakurudi kutuinua mpaka saa sita na nusu usiku. Mtoto ni mzima. Mama yake alipoteza damu nyingi na bado amelazwa. Bibi yake alitaka mtoto aitwe Tabu. Tumemwita Ahadi, ili siku utakayopita hapa na kusikia jina hilo likiitwa, usiulize limetoka wapi.

Uliahidi, Mheshimiwa, nami nilikuwepo, kwamba utatuletea “chombo kinachopaa juu ya matope”. Ulikuja kwa boti ya kasi maji yakiwa yamejaa, ukaondoka kabla hayajaanza kupwa, kwa hiyo matope yenyewe hukuyaona. Vigelegele ulivisikia. Mwaka jana msaidizi wako alituambia kwamba chombo hicho ni cha kijeshi na bado kiko katika majaribio, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu yake, hata naogopa kwamba sasa nakifahamu kuliko ofisi iliyokiahidi.

Kwanza, hovakrafti haipai. Ndani yake mna feni kubwa inayovuta hewa na kuisukuma chini ya sakafu, na kuzunguka ukingo wote kumefungwa sketi ya kitambaa kizito kilichopakwa mpira, inayoizuia hewa hiyo isitoroke upesi. Hewa ikishindiliwa humo hukiinua chombo, na ile kidogo inayovuja chini ya upindo wa sketi ndiyo inayokifanya kiteleze bila kukwaruza. Kwa hiyo chombo hukaa juu ya mto wa hewa; nasema mto wa kulalia, si mto Rufiji. Feni nyingine husukuma upepo nyuma ili kisonge mbele, na mapezi yaliyosimama nyuma ya feni hiyo huupinda upepo kulia au kushoto, na huo ndio usukani. Hakuna propela ndani ya maji wala mkuku wa kukwama, na ndiyo maana maji, mchanga na tope kwake ni njia moja.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chombo kidogo chenye uzito wa tani moja pamoja na waliomo, kikiwa na tumbo la mita 4 kwa mita 2.5, hulikandamiza tope kwa gramu 10 tu kwa kila sentimita ya mraba. Mimi nina kilo 70, na ninapotembea, wayo mmoja uliobaki chini hukandamiza kwa takriban gramu 300 kwa kila sentimita hiyo hiyo. Yaani mguu wangu peke yake hulilemea tope mara 30 kuliko chombo kizima kilichobeba mgonjwa, mkunga na nahodha.

Kuhusu majaribio: Mwingereza Christopher Cockerell aliyafanya katika miaka ya 1950, kwa makopo, kipuliza hewa na mizani ya jikoni. Tarehe 25 Julai 1959, kabla nchi yetu haijapata uhuru, hovakrafti ya SR.N1 ilivuka bahari kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza. Mwaka 1969 msafara wa hovakrafti ulianza Dakar, Senegal, ukapita mito na mabwawa mpaka Kinshasa, kwa hiyo hata hoja kwamba chombo hiki hakijui Afrika haina miguu. Kuhusu jeshi, ni kweli Wamarekani huzitumia kuteremsha vifaru ufukweni, lakini jeshi lina malori pia, na hatujawahi kuambiwa kwamba lori ni silaha.

Nadhani, na unisahihishe nikikosea, kwamba ahadi yetu ilikwama kwenye meza ya mtu aliyetafuta bei ya zile kubwa za SR.N4, ambazo katika umbo lake la mwisho zilibeba abiria 418 na magari 60 kati ya Uingereza na Ufaransa hadi mwaka 2000, zikaondolewa, sababu mojawapo ikiwa kwamba zilikunywa mafuta mno. Hatukuomba hizo. Watazame watu wa Ryde, katika kisiwa cha Wight huko Uingereza, ambao bahari yao hukimbia na kuacha mchanga mtupu kama yetu iachavyo tope, hata gati lao likabidi lijengwe lenye urefu wa karibu mita 700. Tangu 1965 hovakrafti huwavusha kwa takriban dakika 10 na kuwashusha ufukweni penyewe. Au kitazame chama cha uokoaji baharini cha Uingereza, RNLI, ambacho tangu 2002 kinatumia hovakrafti ndogo kuwafuata watu walionasa kwenye matope ambako boti haifiki wala mguu haukanyagi. Sisi ni watu wa namna hiyo hasa.

Sitaki nawe useme kwamba nimekuficha kasoro zake. Kina kelele nyingi, na samaki na wazee watalalamika. Upepo wa ubavuni hukipeperusha, breki hakina, na nahodha wake lazima afundishwe upya hata kama amezaliwa ndani ya dau. Sketi huchanika, na mizizi ya mikoko inayochomoza topeni itaichana upesi, kwa hiyo kitatakiwa kubaki kwenye mikondo na kwenye tope lililo wazi. Wakati wa kusi sikishauri kitoke bahari kuu kwenda Mafia. Lakini kutoka kwetu hadi barabarani hatupiti bahari kuu. Ni tope, Mheshimiwa, tope tu.

Mwanzoni tuliomba kivuko, gati na barabara ya magogo. Barua ya pili tukaacha barabara. Leo naacha na gati. Ninaomba chombo kimoja, kidogo, cha kulaza mgonjwa mmoja na kukalisha watu watatu, pamoja na sketi ya akiba na fundi mmoja aliyefundishwa. Kimoja tu. Na ikiwa hakiwezekani, basi niandikie mstari mmoja wenye saini yako useme hakiwezekani, ili wanawake wenye mimba wa huku wajue kupanga siku zao kwa mwezi na si kwa hotuba.

Kabla ya kuandika mstari huo, nakuomba uje mara moja zaidi. Usije maji yakiwa yamejaa. Njoo siku ya bamvua, saa nne asubuhi, tutakupokea pale pale boti ilipokaa. Viatu utaviacha ndani ya boti.

Wako katika kusubiri,
Baba mkubwa wa Ahadi