Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2011

St. Louis, Desemba 2011

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na matumizi mhazini atayasoma mwenyewe, sitamwingilia. Mimi naanza na redio, maana mwaka huu imetukutanisha kuliko vikao.

Mnakumbuka Cardinals, timu yetu ya besiboli, walivyoihama KMOX, kituo cha redio walichokuwa nacho tangu 1955, wakaanza msimu wa 2006 wakiwa KTRS, kituo kingine cha hapa, baada ya kununua nusu yake. Hesabu yao ilieleweka: ukiwa na hisa, pesa ya matangazo nayo ni yako. Taarifa yangu ya wakati ule iliwataka msipige kelele, besiboli ni ileile na mtangazaji Mike Shannon yupo palepale. Niliandika hivyo nikiwa mtu wa zamu ya mchana, anayelala kwake.

Wenye malori ndio waliojua. KMOX ina wati 50,000, na usiku mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga yakarudi ardhini mbali, majimbo kwa majimbo. KTRS ina 5,000. Hapa mjini huoni tofauti. Ila ukishaipita Rolla usiku kwenye barabara ya 44, mkono hautoki redioni, unasaka vituo vidogo vya mtandao wa Cardinals, vinavyorusha mechi zao, mji baada ya mji. Mzee wetu mmoja alibandika karatasi mbele ya usukani, miji na masafa kwa mfuatano, kwa kalamu nyekundu. Halikuwa kosa la mtangazaji. Wati ni wati. Tena tuseme haki: ubingwa wa 2006 dhidi ya Detroit tuliusikia KTRS. Lakini mzee yule nilipaswa kumsikiliza, na leo namwomba radhi mbele yenu.

Msimu huu wamerudi KMOX. Usiku wa Oktoba 27, mechi ya sita ya fainali na Texas, tulikuwa ukumbini mbele ya runinga. Mara mbili ilibaki kosa moja tu la gongo ubingwa uende Texas, mara mbili Cardinals wakasawazisha. Awamu ya 11, mwenzetu aliyekuwa njiani Oklahoma, simu ikiwa wazi mezani, akapiga yowe. Sisi kwenye runinga tulikuwa bado tunamwona David Freese wa Cardinals ameshika gongo, anasubiri. Kumbe redio ilikuwa imetutangulia! Sekunde chache baadaye na sisi tukauona mpira ukivuka ukuta, 10–9. Kesho yake ubingwa. (Ya nyota wetu Pujols kuhamia timu ya Angels tusiyaguse leo.)

Kwa hiyo kamati imenunua redio ya chama, ya kushika mkononi, inayokamata AM vizuri. Ipo kwa katibu. Anayeiazima kwa safari atie sahihi daftarini, na airudishe na betri zake. Ya majaribio ilirudi bila.

Uchaguzi ni mkutano ujao. Mimi sigombei.

Mwenyekiti