Hesabu ya hewa ukaa ya chuo iko stoo

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi niseme hili la vyuo vyetu na mazingira maana kila mwaka tunaonyeshwa picha zile zile. Ikifika 5 Juni, siku ya mazingira duniani, chuo kinagawa tisheti, mgeni rasmi anakuja, miche inapandwa, bango kubwa limeandikwa chuo chetu kinapambana na mabadiliko ya tabianchi. Sasa jamani mtu yeyote wa Mtwara anajua mvua zetu zinaanza kuelekea Desemba na Mei ikiisha zimeshakata, mche wa Juni unaupanda kiangazi ndo kinaanza halafu wanafunzi wanafunga wanaenda makwao, nani anamwagilia? Ukipita pale Septemba unakuta vijiti tu na vile vibao vyenye majina ya wageni rasmi (vibao vinadumu kuliko miche). Kama ni lazima wapande basi wapande Desemba, hilo silisemi zaidi.

Mi nimefanya kazi ya stoo kwenye chuo kimoja huku kusini mpaka nikastaafu, jina tuliache. Hesabu ya hewa ukaa inayotoka chuoni, ile gesi ya kuunguza mafuta na kuni inayobadilisha tabianchi, imeshaandikwa tayari, haihitaji mtaalamu wa kutoka nje wala semina ya siku tatu hotelini. Fuso la kuni likiingia geti la nyuma mtunza stoo anasaini, dizeli ya genereta inaandikwa lita kwa lita, kila gari lina logbuku yake na dereva asipojaza hapewi mafuta, bili za umeme na tiketi za ndege ziko kwa mhasibu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, wewe zidisha tu.

Chukua safari moja ya bosi kwenda kikao Dar. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,100, na lile gari hata tukiliheshimu tukasema linakula lita 12 kwa kila kilomita 100 hizo ni lita 132, yaani zaidi ya kilo 350 za hewa ukaa, na ndani yumo bosi, dereva na begi la laptopu. Wiki inayofuata anaenda mwingine wa idara ya jirani, kikao jengo lile lile. Hivi hata kupanda gari moja inashindikana? Nyingine zingeisha kwa simu, ila nadhani tunajua kwa nini haziishi kwa simu, posho nayo inataka safari.

Wala msidhani ni huku kwetu tu. Chuo Kikuu cha California kule Marekani mwaka 2013 kilitangaza kwamba ikifika 2025 majengo na magari yake hayatakuwa yanaongeza hewa ukaa, na sehemu ya mpango ilikuwa kununua hati za kaboni, yaani unamlipa mtu mwingine apunguze halafu wewe unajiandikia umepunguza. Wasomi wao wenyewe wakazikosoa hizo hati, lengo likabadilishwa, sasa wanasema watapunguza asilimia 90 ya hewa yao wenyewe ifikapo 2045. Ni miaka 20 baada ya ile tarehe ya kwanza, sio kidogo, ila nawaheshimu kwa kitu kimoja, namba zao zinatoka hadharani kila mwaka ndo maana watu waliweza kuwabana. Chuo cha kwetu utakibana kwa lipi, bango?

Kinachoniuma zaidi ni jikoni. Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, imegunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na bado nyuma ya bwalo unakuta magogo yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, mpishi anasonga ugali wa watu mia kadhaa huku machozi yanamtoka kwa moshi. Gesi nayo inatoa hewa ukaa, sikatai, na umeme wetu wa Mtwara kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya gesi kwa hiyo chuo kisije kikaandika eti umeme hauhesabiki.

Najua kuna watakaosema chuo kimoja cha Mtwara kinachangia nini mbele ya viwanda vya China. Kidogo sana, kweli. Lakini chuo ndo kinatoa hao maafisa wanaokwenda Nanyamba kumnyang'anya mama gunia lake moja la mkaa.

Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni na stoo zinahesabiwa wakati huo huo. Watoe karatasi moja tu, fuso ngapi za kuni, lita ngapi za dizeli, uniti ngapi za umeme, safari ngapi za ndege, waibandike kwenye ubao wa matangazo na mwakani waibandike nyingine pembeni yake. Kama kuna mkuu wa chuo Mtwara au Lindi ameshafanya hivyo naomba atuandikie hapa hapa gazetini tuione.

Mtunza stoo mstaafu,
Chuno, Mtwara