Mtoto mwenye usonji anapewa dawa, mizani iko wapi?

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu hizi dawa wanazopewa watoto wenye usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na watu, wakiwa na fujo, maana pale kwenye benchi la kliniki kila mzazi ana lake, huyu anakwambia mpe tu atatulia, yule anakwambia usithubutu, na mzazi mgeni anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Mwanangu ana miaka 9, haongei. Alipofika miaka 7 akaanza kujing'ata mkono mpaka damu, anapiga kichwa ukutani, mdogo wake nikimwacha nae dakika 5 tu nakuta kavutwa nywele, dada wa kazi wa tatu akaondoka bila hata kudai mshahara wake, na usiku mtoto halali kwa iyo na mi silali. Daktari akatuandikia risperidoni, nusu kidonge kila usiku. Na ilisaidia, sitaki kudanganya. Ndani ya wiki tatu kaacha kujipiga, anakaa mezani anakula na wenzie, siku ya kwanza nimelala saa sita mfululizo niliamka nikalia. Kwa iyo anaesema mzazi anaempa mtoto dawa ni mvivu wa kulea, aje kwanza amshike mtoto anaejigonga ukutani.

Alafu ikaja njaa. Anamaliza sahani yake, anachukua ya mdogo wake, usiku wa manane namkuta jikoni kafungua sufuria la ugali. Majirani wanasifia mtoto kapendeza, na sisi tukafurahi. Miezi saba tunaenda kliniki, tunaingia tunatoka na karatasi ya dawa, hakuna hata siku moja mtu alimpandisha kwenye mizani. Nikaja kumpima mwenyewe kwa mwenye duka la nafaka hapa mtaani, kutoka kilo 26 kafika 35! Nilipouliza kliniki nikaambiwa mama shukuru anakula.

Sa mi sio daktari ila kusoma najua, na kilichoniuma ni kwamba hili jambo halijaanza jana. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya watoto 101 wenye usonji na fujo kali, wengine walipewa risperidoni na wengine kidonge kisicho na dawa ndani, kwa wiki 8. Waliopata dawa, 69 katika kila 100 walipata nafuu ya kuonekana, wa kidonge kitupu ni 12 tu. Ila humo humo wakaandika kwamba waliopata dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa hizo wiki 8, wenzao kilo 0.8. Yaani njaa na uzito vinajulikana miaka yote hiyo, mi najulia kwenye mizani ya mahindi. Mamlaka ya dawa ya kule iliiruhusu 2006 kwa watoto wenye usonji kuanzia miaka 5, kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza, na 2009 wakaongeza dawa nyingine, aripiprazoli, kuanzia miaka 6. Zote mbili zinatuliza fujo basi, haziondoi usonji wala hazimfanyi mtoto aongee, na wazazi wengi hatuambiwi tunakaa miezi tunasubiri kidonge kilete maneno.

Ninachoomba hospitali zetu ni mtoto apimwe uzito na urefu kila anapokuja, sukari na mafuta kwenye damu kabla ya kuanza na baadae pia, mzazi aulizwe kama shingo inakakamaa, kama mikono inatetemeka, kama matiti yanavimba, maana hata mvulana inaweza kumtokea. Mizani ipo pale pale wanapopimia watoto wachanga na wajawazito, ni ya kumwita tu mtoto apande.

Na wazazi wenzangu, naomba mnisikie. Mwezi wa nane fujo zilirudi ghafla, nikaenda duka la dawa, muuzaji akanishauri niongeze kiwe kidonge kizima. Nikaongeza. Siku nne mtoto analala mpaka darasani, akiamka anajipiga shavu la kushoto, lile lile kila mara, na mi sioni! Mwalimu wake ndo aliniambia, mama hebu mwangalie mdomoni. Jino la nyuma limeoza limetoboka. Likang'olewa, nikarudi kwenye nusu kidonge kama daktari alivyoandika, wiki haikuisha katulia. Siku zile nne zinaniuma mpaka leo, mtoto ana maumivu na mi namuongezea usingizi. Asieongea akiumwa jino au sikio au choo kikigoma, atakwambiaje?

Mwalimu huyo huyo akanifundisha kutumia picha, ya maji, ya choo, ya inauma, tumezibandika kwenye friji na sasa akiwa na kiu ananiletea picha, haning'ati. Kuna utafiti mwingine wa huko huko Marekani wa 2009, watoto 124 kwa wiki 24, dawa pamoja na kumfundisha mzazi ilishinda dawa peke yake. Hapa kwetu mafundisho hayo nimeyapata kwa bahati, kwa huruma ya mwalimu. Na wanaotushauri tuache dawa siku hiyo hiyo waache jamani, inapunguzwa kidogo kidogo daktari akijua.

Mhariri, mtafute daktari wa watoto aandike kwenye gazeti lako vipimo ambavyo mzazi anatakiwa kuviomba, kwa Kiswahili cha kawaida. Ukurasa huo mi nitaukata niubandike pale kwenye benchi.

Mama wa watoto wawili,
Tabata, Dar es Salaam